Mimi Nilipigwa na Sikuua

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili. Moja iko mguuni kwa mwanafunzi, ya pili iko mguuni kwa mwalimu, na utamu wote wa kazi hiyo ni kuikanyaga ya pili bila mwenye usukani kujua. Ukiikanyaga kwa pupa, mwanafunzi anashtuka, anaona haya, na kesho haji. Ukiikanyaga kidogo kidogo, kama mtu anayepapasa ndara chini ya kitanda, gari linapunguza mwendo lenyewe, na mwanafunzi anavuta pumzi akijipongeza.

Mwalimu Taratibu alikuwa ameifanya kazi hiyo nusu ya umri wake. Jina la kwenye kitambulisho wanafunzi wake hawakulijua. Walimwita hivyo kwa sababu neno lenyewe lilimtoka hata kabla gari halijawashwa. Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, shingo fupi, mashati yamepigwa pasi mpaka kola inakata, na mguu wa kulia uliozoea kukanyaga hata akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi.

"Umeona, Mwalimu?" alisema mwanafunzi wake wa asubuhi ile ya Jumamosi, daktari wa meno aliyechukia kusahihishwa. "Mwezi mzima sijagusa hata jiwe."

"Nimeona, Daktari. Taratibu hapo, kuna mama na mtoto."

"Nimewaona."

Hakuwa amewaona. Mguu wa Taratibu ulikuwa umeshashuka, gari likapunguza mwendo kidogo, mama na mtoto wakavuka.

"Watu wanatisha wenzao bure," daktari akaendelea. "Udereva ni akili tu. Mtu mwenye akili anajizuia mwenyewe."

"Kweli kabisa," akasema Taratibu, na hakuwa anamdhihaki. Hilo ndilo neno aliloliamini kuliko yote duniani.

"Halafu nasikia wewe ndiye mmoja wa wale watatu kwenye kesi ya fundi simu."

"Ndiyo mimi."

"Sasa mnasubiri nini? Mtu kaua baba na mama kwa siku moja! Mfungieni huko, ufunguo tupeni chooni."

"Jumatatu tutasema," akajibu Taratibu. "Kata kushoto. Taratibu."

Katika mahakama ile, jaji haketi peke yake kwenye kesi ya mauaji. Huketi na washauri watatu wanaochukuliwa mitaani, watu wa kawaida wenye kazi zao, na kabla hajaamua huwauliza mmoja mmoja, kwa sauti, mbele ya watu wote. Halazimiki kuwafuata, ila mama jaji huyu alijulikana kwa kwenda na wengi wao. Kuhusu hatia hapakuwa na ubishi. Wote watatu walishasema kijana ameua, na yeye mwenyewe hakukana. Kilichobaki ni adhabu: kifungo cha maisha, ambacho hakina mlango wa kutokea, au kifungo cha miaka, ambacho mtu hukimaliza akarudi duniani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa simu, mwenye meza yake ya kioo pembeni ya duka la dawa. Tangu akiwa na miaka sita baba yake alimpiga; si kofi la hapa na pale, bali kipigo cha kupangwa. Aliambiwa apige magoti ukutani, avue shati, asubiri. Kusubiri kulikuwa sehemu ya adhabu. Na kila ilipofika hapo, mama yake aliinuka akaongeza sauti ya televisheni. Jirani wa ukuta kwa ukuta aliapa mahakamani kwamba ndivyo walivyokuwa wakijua. "Televisheni ikipanda, tunajua leo tena," alisema. Wakili wa kijana akamuuliza, nyinyi mlikuwa mnafanya nini? Jirani akainamisha macho. "Na sisi tulikuwa tunaongeza ya kwetu."

Lakini kijana alikuwa ameshahama. Hilo ndilo lililomkaba. Alikuwa amepata chumba chake mwenyewe, analala vizuri, hakuna wa kumgusa. Siku ile alirudi kuchukua cheti chake cha shule. Baba yake akamcheka, akamwambia cheti atapewa akipiga magoti. Na yeye, mtu mzima anayetengenezea watu simu zao, akapiga magoti ukutani. Mama akanyoosha mkono kwenye rimoti. Kijana akainuka, akachukua pasi iliyokuwa juu ya kabati, na alipoiweka chini, wote wawili walikuwa wamekwisha.

Katika chumba cha nyuma ya mahakama, kwenye viti vya plastiki na feni inayolalamika, washauri walikuwa wamezungumza Ijumaa mpaka koo zikakauka. Mzee mmoja, mstaafu wa posta, alitaka maisha. "Alikuwa ametoka. Aliyetoka motoni akarudi mwenyewe, tumwite nani?" Mama mshona mapazia alitaka miaka. "Alikuwa ametoka kwa miguu tu, baba. Magoti yake yalikuwa bado huko."

Ikabaki kauli ya Taratibu, na kauli ya Taratibu ndiyo ingeinamisha mizani. Jaji mwenyewe aliingia kuwauliza kama wameelewa maswali yao, akamkuta amesimama, kidole juu.

"Mimi nilipigwa," alikuwa akisema. "Sizungumzi ya kusikia. Mama yangu alinipiga kwa mwiko, kwa waya, kwa kiatu, kwa kila kitu chenye mpini. Mgongo wangu mkitaka nitawaonyesha. Nikiwa na miaka kumi na minne, mchana mmoja, mama amelala mkekani baada ya chakula, nikachukua mchi wa kutwangia. Nikasimama juu ya kichwa chake. Nikaunyanyua. Halafu nikajiambia, huyu ni mama yako. Nikauweka chini. Mwenyewe."

"Mwenyewe kabisa?" akauliza mshona mapazia.

"Mwenyewe kabisa. Hakuna aliyenishika. Na leo namlisha kwa mkono wangu. Sasa kama mimi niliweza, huyu kilimshinda nini?"

Jaji alimsikiliza mpaka mwisho, akatoka, akafunga mlango polepole.

Ni hoja nzito, tusiidharau. Ukienda kwenye kijiwe chochote, ukataja mtoto aliyemgeukia mzazi, atatokea mtu mzima wa kusema, sisi sote tulichapwa, mbona hatukuua? Wengine watacheka na kuonyeshana makovu kama wanaoonyeshana medali. Na huyo anayesema hivyo kwa sauti kubwa zaidi, mara nyingi ndiye aliyepigwa zaidi. Hawezi kumhurumia mwenzake bila kwanza kukiri kwamba alichofanyiwa yeye kilikuwa na uwezo wa kumfanya muuaji. Nani anataka kukiri hilo? Ni afadhali uamini ulizaliwa na moyo wa chuma.

Taratibu aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili, pale pale alipolelewa. Mkewe alikuwa ameondoka zamani, akiacha kauli moja mlangoni: "Nyumba hii ina mke tayari." Mama yake, Bi Mkubwa, hakuweza kutembea tena, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Supu ya moto hii! Unataka kuniunguza?"

"Imepoa, mama. Nimeionja."

"Umeionja kwa mdomo wako wa kuongea na madereva. Lete hapa." Akanywa. "Chumvi umeogopa?"

Jumamosi ile, akimfuta kidevu, Taratibu alijikuta anauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. "Mama, ulikuwa unatupiga kwa nini vile?"

"Nani? Mimi?" Bi Mkubwa akamtazama kama aliyeulizwa kuhusu mtu wa mtaa wa pili. "Nilikuwa nawanyoosha. Baba yenu kaniachia watoto wawili na chumba kinachovuja. Na umenyooka au hukunyooka? Tazama watoto wa wenzangu, walevi watupu. Wewe mahakama inakuita ukashauri! Nani kakufikisha?"

Na Taratibu, Mungu amsamehe, akajisikia fahari.

Jumapili alikuja dada yake. Alikuwa amemzidi miaka miwili, muuza mitumba, mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Kila Jumapili walimwogesha mama pamoja, kisha walifua mashuka uani, kila mmoja ameshika ncha yake ya shuka, wakilikamua kwa kulizungusha huku na huku kama kamba.

"Kesho ndiyo siku," akasema dada. "Utasema nini?"

"Maisha."

Dada akaacha kuzungusha. "Yule mtoto?"

"Si mtoto. Dada, wewe na mimi tulipita humo humo. Nimewaambia hata jaji kasikia. Nimewaambia habari ya mchi."

"Mchi upi?"

"Ule wa siku ile mama amelala. Niliounyanyua, nikauweka chini."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shuka hadi miguuni mwao.

"Wewe uliuweka chini?" akasema. "Lini?"

"Siku ile ile."

"Mdogo wangu, hukuuweka. Nilikunyang'anya."

"Hapana. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwa natoka bombani. Nimeingia na ndoo kichwani, nakukuta umesimama, mchi uko juu, macho hayapo. Nikaitupa ndoo, nikakudaka kwa nyuma. Hukuachia. Tulivutana mpaka uani, hapa hapa uliposimama, palikuwa na kinu. Ukaning'ata." Akaachia shuka, akakunja mkono wa blauzi. Juu kidogo ya kiwiko palikuwa na kovu la nusu mwezi, limefifia. "Huu mkono uling'atwa na nani?"

"Na mbwa wa muuza maziwa."

"Mbwa wa muuza maziwa hakuwa na meno hata ya kula ugoro! Nilisema mbwa, maana ningemtaja mwenye meno, mama angekumaliza jioni ile ile. Alipoamka kwa kishindo cha ndoo alinipiga mimi kwa kumwaga maji. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kona, unatetemeka. Kesho yake ukawa husemi chochote. Nikadhani umesahau, nikashukuru Mungu."

"Lakini mimi nakumbuka nikiinama. Nakumbuka nauegemeza ukutani."

"Unakumbuka unavyopenda." Sauti yake ikashuka. "Sikulaumu. Kila mtu ana namna yake ya kupata usingizi."

Taratibu alitaka kubisha, lakini kitu kimoja kilimzuia. Katika kumbukumbu yake ya mchana ule, miguu yake ilikuwa imelowa. Siku zote alikuwa na hiyo baridi ya maji kwenye vidole, na hakuwahi kujiuliza ilitoka wapi.

Akakaa juu ya ndoo. Pale bombani, enzi zile, foleni ilikuwa haitabiriki. Siku nyingine dada alirudi haraka, siku nyingine jua lilizama watu bado wanagombania zamu. Kumbe kati yake na yule kijana kizimbani hapakuwa na moyo wa chuma wala malezi wala akili; palikuwa na akina mama wachache ambao mchana ule hawakuja kuchota maji. Akamkumbuka daktari wa meno na mwezi wake mzima bila kugusa jiwe, akaona joto la aibu linapanda shingoni.

"Kwa hiyo unataka nimwachie?" akauliza mwishowe, karibu kwa hasira. "Aende zake?"

"Nani kasema aende zake? Ameua watu wawili. Na yule mama, unajua yeye alikuwa anaongeza sauti kwa nini? Pengine asipoongeza anafuata yeye. Yule naye alikuwa mtu, na hakuna atakayemuuliza tena." Dada akaokota ncha yake ya shuka. "Mimi sijui sheria. Najua tu kwamba wewe ulikuwa na mimi. Shika hapo, tumalizie."

Usiku huo Taratibu hakula. Mama yake alipomuuliza anaumwa nini, alisema mgongo.

Jumatatu mahakama ilijaa mpaka dirishani. Kijana aliketi kizimbani ameinamisha kichwa, mikono imelala mapajani, vidole vyembamba vya mtu anayefungua skrubu zisizoonekana. Nyuma ya wakili wa serikali waliketi ndugu wa marehemu, mbele yao akiwa baba mdogo wa kijana, mwanamume mnene aliyeshika kofia kwa mikono miwili.

Mstaafu wa posta alisimama akasema maisha. Mshona mapazia alisimama akasema miaka. Jaji akageuza uso.

"Mshauri wa tatu."

Taratibu alisimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu bila ruhusa yake.

"Mheshimiwa Jaji, kijana ana hatia, na hapo sirudi nyuma. Watu wawili wamekufa, na mmoja wao hakuwa na kitu mkononi zaidi ya rimoti. Lakini Ijumaa ulinikuta nasema mimi nilipigwa na sikuua, nikasema nilijizuia mwenyewe. Nimekuja kuyafuta maneno hayo. Sikujizuia. Nilishikwa. Dada yangu alinishika, nikamng'ata, na mimi nikaenda na sifa miaka yote hii."

Watu wakaguna. Jaji akanyanyua kalamu kidogo, ukumbi ukatulia.

"Unaiambia mahakama hii," akauliza, "kwamba kila aliyepigwa angeua?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wengi hawaui, na wako wasiohitaji kushikwa. Ila mimi siyo mmoja wao, kwa hiyo siwezi kumpima mtu kwa rula ambayo si yangu."

"Na kwamba alikuwa ameshatoka katika nyumba ile?"

"Alitoka, ndiyo. Na alipoambiwa piga magoti, akapiga. Mtu aliyetoka kweli angecheka akaondoka." Akamgeukia kijana. "Mheshimiwa, tulimtaka huyu ajishike peke yake tangu ana miaka sita. Mtaa mzima ulikuwa unasikia, mtaa mzima ukamwachia kazi hiyo. Akaifanya. Siku baada ya siku akaifanya, hakuna aliyemwambia ahsante. Siku moja ikamshinda. Aadhibiwe kwa siku hiyo, na adhabu iwe kubwa, maana damu ni damu. Lakini asiadhibiwe kana kwamba zile siku nyingine zote hazikuwepo. Mimi nasema miaka."

Akakaa. Mstaafu wa posta alimsogezea bilauri ya maji bila kumtazama, na Taratibu hakujua kama hiyo ni huruma au ni hasira.

Alasiri jaji alisoma uamuzi. Alisema mahakama haitatoa neno la kufanya mauaji ya wazazi yaonekane mepesi, na haitajifanya pia kwamba mtu huanza kuishi siku anayotenda kosa. Miaka kumi na minane. Kijana alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza, akamuuliza askari aliyesimama kando yake jambo fulani, na askari akatikisa kichwa kukubali. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba aliuliza, "Inaisha?"

Kwenye ngazi za nje baba mdogo alimsubiri Taratibu.

"Umefurahi?" akasema. "Umewapa watoto wetu ruhusa. Kesho mzazi akifoka tu, pasi kichwani."

"Mtoto anayelala vizuri kwa baba yake hasomi hukumu, kaka."

"Alikuwa ndugu yangu yule! Mnamsema kama mnyama. Alinisomesha mimi!"

"Najua," akasema Taratibu, maana ilitajwa kwenye ushahidi, na maana hata Bi Mkubwa alikuwa amemsomesha yeye. "Pole sana, kaka. Pole kwa msiba." Alitoa mkono. Yule bwana aliutazama, akavaa kofia, akashuka ngazi.

Alipofika nyumbani, Bi Mkubwa alikuwa ameegemezwa kwenye mto wake karibu na dirisha.

"Mmemfunga?" akauliza kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, mama. Tumemfunga."

"Marahaba. Vizuri."

Taratibu akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno: habari ya mchi, habari ya dada, habari ya mgongo wake. Sasa alikuwa anatazama mikono ile midogo juu ya blanketi, ngozi imelegea kama glovu za mtu mwingine, na hakujua aanze na lipi.

"Si maisha, mama. Miaka. Atatoka."

Alitegemea afoke. Bi Mkubwa alitafuna hewa kwanza.

"Atatoka aende wapi?" akasema.

"Eh?"

"Kwao ameshapamaliza. Baba hana, mama hana, ndugu hawatamtaka. Siku hiyo ya kutoka atasimama getini, halafu? Mmelifikiria hilo, nyie washauri?"

Hawakuwa wamelifikiria. Wakili hakuligusa, jaji hakuligusa, na yeye mwenyewe, pamoja na maneno yake yote makubwa, alikuwa amemfikisha kijana mlangoni akamwacha hapo.

"Nitakwenda kumwuliza," akasema.

"Utakwenda gerezani? Wewe? Kwa mtu aliyeua mama yake?"

"Ndiyo, mama."

Bi Mkubwa alimkazia macho, na safari hii Taratibu hakuyakwepa. Mama ndiye aliyeyashusha kwanza, akaanza kuchezea ukingo wa blanketi.

"Basi usiende mikono mitupu," akasema. "Watu wa huko hawana sabuni."